Kompyuta Iliyofungia Wasifu wa Baba

Siku moja kabla ya kumzika baba, kompyuta yangu iliamua kujisasisha.

Nilikuwa nimeinyima nafasi hiyo kwa miaka miwili. Sisi tunaonunua intaneti kwa vifurushi vidogo vidogo tunajua kwamba sasisho moja la mfumo linaweza kumeza kifurushi cha wiki nzima kabla chai haijapoa, kwa hiyo kila lilipobisha nililiambia baadaye, kesho, wiki ijayo. Asubuhi ile nilikosea. Binamu yangu aliye ng'ambo alikuwa ametuma picha ya baba ya kuweka kwenye jalada la kijitabu cha mazishi, picha kubwa na nzito, nami nikaingia katika hoteli moja pale Nkubu iliyobandika ukutani neno la siri la intaneti ya bure. Niliagiza chai na mandazi mawili. Picha ikaja vizuri. Lakini kompyuta, iliyoishi nami kwa njaa muda wote huo, ilikuwa imeona karamu. Nilipoifunga ili niondoke, taa yake ilikataa kuzimika, na nilipoifungua tena nikakuta skrini imekuwa ya samawati na maneno katikati: inasasisha, asilimia kumi na mbili, usizime.

Sikuzima. Niliagiza chai ya pili ambayo sikuitaka na kuketi nikitazama hesabu ikipanda polepole. Ilikuwa saa tatu na robo. Mchapishaji wa Makutano, mjini Meru, alikuwa ametupa muda hadi saa kumi jioni kumfikishia kazi. Baada ya hapo, alisema, tungezika bila kijitabu.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na wasifu wa baba, na hakukuwa na nakala nyingine popote. Hilo halikuwa bahati mbaya. Nililipanga mwenyewe, kwa akili zangu timamu.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama mkubwa alifunga naye ndoa kanisani. Mama yangu alikuja baadaye, na hakufunga kanisani wala ofisini. Mbuzi wa mahari walipelekwa kwao, wazee wakala, na tangu hapo akaishi katika boma letu karibu na Kanyakine, akapalilia kahawa na kuchuma chai mpaka mgongo ukamwinama. Katika rasimu ya kwanza ya wasifu, iliyoandikwa na kaka yangu, mwana wa mama mkubwa, marehemu alikuwa ameacha mjane mmoja. Mimi na wadogo zangu tulikuwemo kwenye orodha ya watoto. Aliyetuzaa hakuwemo.

Kwetu kijitabu cha mazishi si karatasi ya kujipepea juani. Huwekwa sandukuni pamoja na hati za shamba. Miaka ikipita na ndugu wakianza kuvutana, mtu hukitoa mbele ya chifu na kuweka kidole kwenye mstari: huyu alikuwa mke, imeandikwa. Asiyeandikwa huanza kutafuta mashahidi, na mashahidi wenyewe huwa wamekwisha kufa. Mama alilijua hilo kuliko sisi wote. Tangu baba afe hakuwa ameniuliza juu ya jeneza wala gari wala chakula. Aliniuliza jambo moja tu, akikoroga sufuria ya uji wa waombolezaji bila kuniangalia: "Na mimi, watanisoma?"

Kwa hiyo Jumapili alasiri kamati ya mazishi ilipoketi, nilipigana. Sikupiga kelele, mimi ni mwalimu, najua kupigana kwa sauti ya chini. Mabishano yalichukua saa tatu. Mwishowe mwenyekiti, mzee wa ukoo asiyependa maneno mengi, aliamua mama aandikwe. Nilichapa palepale, kompyuta magotini, nikasoma kwa sauti mara mbili: ameacha wajane wawili, mke wa kwanza fulani na mke wa pili fulani, kisha watoto wa kila nyumba kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mzee akasema iandikwe hivyo na maneno hayo yasirudiwe tena. Kaka yangu alikuwa akitazama viatu vyake.

Tulipokuwa tunatoka aliniomba nitume kazi ile kwenye kundi la WhatsApp la familia, watu waipitie. Nilikataa. Nilimwambia neno likishaingia kwenye kundi lile kila mtu anakuwa mhariri, na kwamba nitaipeleka kwa mchapishaji mwenyewe, mkono kwa mkono. Wazee waliniunga mkono. Kaka akasema sawa, lakini alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Saa nne kasorobo sasisho lilifika asilimia mia. Nikashusha pumzi. Kompyuta ikazimika, ikawaka, ikaonyesha picha ya mlima ninayoitumia, ikaganda. Halafu ikawa ya samawati tena, ikaniomba radhi kwamba imepata tatizo, ikajizima. Ikawaka. Mlima. Samawati. Radhi. Ikajizima. Nilihesabu mizunguko saba, na katika kila mmoja nilikuwa naona faili langu pale kwenye pembe ya skrini kwa muda wa kupepesa jicho mara mbili, kisha linatoweka. Nilibonyeza kila kitufe ninachokijua. Mhudumu wa hoteli aliniuliza kama niko sawa, nikamjibu vibaya, naye hakuwa amenikosea.

Simu ikalia. Alikuwa kaka.

"Mwalimu, umefika Makutano? Huyu mtu wa printing ananiuliza."

"Niko njiani," nikasema, nikiwa nimekaa.

"Picha umepata?"

"Nimepata."

"Na ile document iko sawa?"

"Iko sawa."

Huo ulikuwa uongo wa pili katika simu ile moja, na ulinitoka kwa urahisi ulionishtua.

Saa tano na nusu nilikuwa Makutano, nikipanda ngazi za jengo moja lililojaa maduka ya simu. Nilikuwa nimeelekezwa kwa fundi ambaye, waliniambia, hashindwi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye hijabu nyeusi na miwani iliyomteremkia puani. Mumewe husafirisha mizigo kati ya Meru na Maua, na yeye alikuwa amefungua karakana yake mezani pembeni mwa dirisha, chini yake malori yakipigiana honi. Aliitazama kompyuta ikizunguka mara mbili, akacheka kidogo puani.

"Hii imeshiba update mbaya," akasema. "Wewe ni wa nne wiki hii. Tutaitoa tu. Iko na nini ya maana ndani?"

"Wasifu wa baba. Tunamzika kesho."

Aliacha kucheka. "Pole sana, mwalimu. Kaa hapo."

Alinieleza anachokifanya wakati akikifanya, na hilo lilinituliza kidogo. Aliizima kompyuta kwa nguvu mara tatu ikiwa katikati ya kuwaka, mpaka ikakubali kwamba inaumwa na kufungua ukurasa wa matengenezo. Humo kulikuwa na mlango mmoja tuliouhitaji: ondoa sasisho la karibuni. Akaubonyeza. Kompyuta, ambayo haikuwahi kuniuliza mimi ni nani ilipokuwa inajishibisha, sasa ikauliza. Ilitaka ufunguo wa tarakimu arobaini na nane.

"Ufunguo gani?"

"Ni kama kufuli ya hard disk. Iko kwa email yenye ilitumiwa kuandikisha hii machine. Ulitumia email gani?"

Sikuwa nimetumia yoyote. Nilinunua kompyuta ile Embu, ninakofundisha, kwa mfanyabiashara wa kompyuta zilizotumika ng'ambo, na yeye ndiye aliyeiwasha, akaiandikisha, akanikabidhi ikiwa tayari. Nilimwona muungwana kwa kunipunguzia usumbufu. Kusema kweli, katika chumba chetu cha walimu hakuna aliyefanya tofauti. Anayekuuzia ndiye anayejua, na wewe unashukuru unaenda zako.

Nilimpigia. Hakushika. Nilimpigia tena, na tena, na mara ya sita akashika, na nyuma yake nikasikia wateja. Nilimweleza.

"Sasa mwalimu, shida ni moja," akasema. "Hizo machine zote nilikuwa naweka email yangu. Hapa naona keys ziko kama sitini. Sijui yako ni gani."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na maneno tayari, ya Kiswahili na ya Kimeru, na ya Kimeru yalikuwa mabaya zaidi. Fundi alinyoosha mkono akachukua simu yangu kabla sijaanza.

"Salaam, ndugu yangu," akamwambia kwa upole. "Hapa kwa screen kuna herufi nane za kitambulisho. Mimi nasoma, wewe tafuta yenye inafanana."

Alimsomea. Tukangoja. Mtu wa Embu akaondoka kuhudumia mteja, akarudi, akasema mtandao umezunguka, akaondoka tena. Saa saba ikapita. Nilikuwa nimesimama dirishani nikiwatazama watu wakinunua ndizi na viazi kana kwamba siku ilikuwa ya kawaida, na niliwachukia mmoja mmoja. Saa saba na nusu akasema ameupata. Akaanza kusoma tarakimu, sita sita, kwa Kiingereza, fundi akizirudia kwa Kiswahili, mimi nikiziandika nyuma ya daftari la masomo. Tulipozichapa zote kompyuta ilisema si sahihi.

Tukarudia. Nilikuwa nimeandika saba mahali pa moja. Mwalimu wa miaka kumi na tisa, anayewasahihishia wengine makosa yao kwa wino mwekundu. Mara ya pili mlango ukafunguka, na kazi ya kuondoa sasisho ikaanza: asilimia mbili, asilimia tano.

Halafu stima ikapotea.

Jengo zima likanyamaza. Kompyuta yangu haikuzimika, lakini betri yake ilikuwa ya uzee, na alama ilionyesha kumi na nane. Fundi alisema, bila kupandisha sauti, kwamba ikizimika katikati ya kazi hii basi tusahau, hata yeye hataweza. Aliinyanyua ikiwa wazi, kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba sufuria ya maziwa yanayochemka, tukashuka ngazi hatua kwa hatua mpaka kwenye duka la mchinjaji chini, ambako jenereta ilikuwa inaunguruma kwa ajili ya friji. Tulifika betri ikiwa na tisa. Wakatupa nafasi mwisho wa meza, karibu na mizani, na kompyuta ikachomekwa.

Hapo ndipo nilipokaa saa nzima na nusu, juu ya kreti ya soda, nikitazama asilimia. Kumi na nne ilikaa dakika ishirini. Na kwa sababu hakukuwa na la kufanya, nililazimika kufikiria jambo nililokuwa nimelikwepa tangu Jumapili.

Faili lililokuwa ndani halikuwa lile lililokubaliwa.

Jumapili, wazee walipokwisha kutawanyika, nilikaa peke yangu kwenye kochi la mama nikaufungua tena wasifu. Maneno "mke wa pili" yalinichoma. Niliyasikia jinsi msomaji atakavyoyasoma mbele ya kijiji kizima, na jinsi mama mkubwa atakavyonyoosha shingo. Nikayafuta maneno "wa kwanza" na "wa pili" pote yalipokuwa. Kisha nikaona haitoshi, nikabadilisha mpangilio, jina la mama likatangulia, kwa kisingizio cha alfabeti. Nilijiambia kwamba hakuna atakayegundua mpaka vijitabu viwe mikononi mwa watu, na baada ya hapo nani angethubutu kugombana kaburini. Ndiyo maana sikutaka kutuma nakala kwa mtu yeyote. Nilimwambia kaka nawaogopa wahariri, na mhariri mwenyewe alikuwa mimi.

Na hayo ndiyo yaliyokuwa yananizuia kusema ukweli. Ningeweza kumpigia kaka saa nne asubuhi, nikamwambia kompyuta imeharibika, tuketi na mwenyekiti tuandike upya. Tungemaliza kabla ya adhuhuri. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nami nimewahi kuwapa wanafunzi methali hiyo waitungie insha. Lakini kuandika upya kungemaanisha kuandika yaliyokubaliwa.

Saa tisa na nusu kaka alipiga simu. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Uko wapi, dada?"

"Niko Makutano. Kompyuta imesumbua kidogo. Nipe nusu saa."

"Mimi niko hapa kwa mtu wa printing, na tangu asubuhi unaniambia uko njiani. Uniambie tu ukweli, hiyo kitu iko ama haiko?"

"Iko."

"Haya. Nimesikia," akasema, akakata.

Nilijua anachokwenda kufanya. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa bado kwenye simu yake, ile ya mjane mmoja, na mchapishaji alikuwa amesimama mbele yake na saa ukutani. Nilimwona mama kesho yake chini ya hema, amevaa gauni jipya alilolishona kwa siku hiyo, akingoja kusomwa, na mstari ukimruka. Fundi aliona uso wangu, akaninunulia soda bila kuuliza, nikashindwa kuinywa.

Asilimia hamsini. Sabini na moja. Tisini, na hapo ikakaa tena. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili kompyuta ilizimika yenyewe, na wote mle buchani, pamoja na mchinjaji aliyekuwa hajui kinachoendelea, tukaitazama. Ikawaka. Mlima ukaja, ukakaa. Nilingoja ile samawati. Haikuja. Faili langu lilikuwa pale pembeni, nikalifungua, nikaona jina la baba, na machozi yakanitoka mbele ya nyama. Fundi aliinakili kazi kwenye flashi, pamoja na picha, akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole.

"Kimbia," akasema. "Mimi utanitafuta baadaye."

Nilikimbia. Nilivuka kati ya malori na pikipiki nikiwa na viatu vya kanisani. Nilifika kwa mchapishaji nikihema, saa kumi na dakika tatu, nikakuta mashine imekwisha kunyamaza na kaka yangu amekaa kwenye benchi akikunja vijitabu pamoja na msichana wa kupiga pini. Rundo lilikuwa limefika magotini mwake. Kwenye jalada walikuwa wametumia picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka ikafifia.

Sikumsalimia. Nilichukua kijitabu kimoja nikakifungua ukurasa wa pili, nikiwa na maneno yangu yote tayari.

Ameacha wajane wawili. Mke wa kwanza, na jina la mama mkubwa. Mke wa pili, na majina matatu ya mama yangu, yote, hata lile la baba yake ambalo mimi sikuwa nimeliweka. Chini yake sisi watano kwa mpangilio wa kuzaliwa, na wajukuu, na wakwe. Nilisoma mara mbili nikitafuta kasoro. Haikuwepo.

"Ulitoa wapi?" nikauliza.

"Si nilikuwa pale Jumapili?" Hakuinua macho, aliendelea kukunja. "Ulisoma mara mbili. Saa nane nilipoona hauji nikapigia mwenyekiti, tukapanga line kwa line. Hapo kwa jina la mama yako nikampigia mwenyewe, nisikosee."

Siku nzima nilikuwa nimepigana na mashine ili nimwokoe mama kutoka kwa mtu huyu, na mtu huyu alikuwa amempigia simu mama kumwuliza jina la baba yake.

"Yako ilikuja?" akauliza, na sasa akanitazama. "Kama imekuja, huyu anasema anaweza kuchapa ukurasa wa kati upya. Yako ndiyo ya kamati."

Flashi ilikuwa kiganjani, bado na joto la mkono wangu. Nikaiingiza mfukoni.

"Ilikataa," nikasema. "Ilikataa kabisa."

"Hizi mashine," akasema kaka yangu. "Pole sana, dada. Kaa hapa unisaidie."

Nikakaa, nikakunja vijitabu pamoja naye hadi vikaisha.

Kesho yake, chini ya hema, msomaji aliomba kila atakayetajwa asimame ili watu wamwone. Mama mkubwa alisimama kwanza, akaketi. Kisha msomaji akasema, "Mke wa pili," na kabla hajafika kwenye jina mama alikuwa amekwisha kusimama. Alirekebisha kitambaa cha kichwani. Aliugeukia umati upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, polepole, ili asibaki hata mmoja ambaye angesema baadaye kwamba hakumwona.